Kufundisha darasa la watoto 80 bila kumwacha yeyote: mwongozo kwa mwalimu wa shule ya msingi

Kiwango kinachotajwa na serikali ya Tanzania ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Tangu Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza, walimu wengi wa shule za msingi za serikali wamezoea kuingia darasani na kukuta 80, 100 au zaidi. Humo ndani yumo asiyeuona ubao vizuri, yumo anayesikia kwa sikio moja, yumo aliyefika Darasa la Nne hajui kuunganisha silabi, yumo anayezungumza Kidatoga nyumbani na Kiswahili shuleni tu, na yumo aliyemaliza hesabu zote kabla hujageuka kutoka ubaoni.

Semina nyingi za elimu jumuishi, yaani watoto wote, wenye ulemavu na wasio nao, kusoma darasa moja, huanza na Tamko la Salamanca la 1994 kuhusu elimu ya wenye mahitaji maalum na kuishia na picha za darasa lenye watoto 20 na mwalimu msaidizi. Mwongozo huu unaanzia kwenye darasa lako lilivyo, na karibu kila kitu kilichomo kinahitaji chaki, karatasi na daftari. Nimeupanga kwa hatua kwa sababu ya kwanza isipofanyika, zilizobaki zinakuwa kazi ya kubahatisha.

Hatua ya 1: Wajue, mmoja mmoja

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, kwa kuwa haionekani kama kufundisha. Tenga wiki mbili za mwanzo wa muhula.

Anza na macho. Kwenye karatasi nyeupe, chora kwa wino mweusi herufi E yenye urefu wa milimita 17.5 na upana huohuo, kila mstari wake unene wa milimita 3.5, na nafasi kati ya mistari iwe hivyohivyo. Pima mita 6 kwa kamba, nje kwenye kivuli chenye mwanga mzuri. Mtoto afunike jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza. Wewe igeuze E: meno yaangalie juu, chini, kulia au kushoto, na yeye aonyeshe kwa mkono yanakoelekea. Hahitaji kujua kusoma wala kuongea. Rudia mara tano kwa kila jicho. Anayekosea mara mbili au zaidi kwa jicho lolote apelekwe kwenye kliniki ya macho. Anayeshindwa kuitambua E ya ukubwa huo kwa umbali huo anahangaika na ubao wako kila siku, na huenda wewe umeshamwandika kuwa mzito wa kuelewa.

Masikio ni magumu zaidi kuyapima, kwa hiyo tazama dalili kwanza: anayegeuza kichwa upande mmoja, anayesubiri aone wenzake wanafanya nini ndipo na yeye aanze, anayejibu swali ambalo hukuuliza, na yule mwenye usaha sikioni. Usaha si jambo la kusubiri, mtoto aende zahanati. Kwa wengine, simama nyuma ya mtoto umbali wa mkono mmoja, azibe sikio moja, kisha nong'ona namba mbili azirudie. Badilisha sikio na namba. Hicho si kipimo cha daktari, lakini kinatosha kukuonyesha nani wa kumpeleka mbele na nani wa kumpa barua ya kwenda hospitali.

Ukimwita mzazi, mweleze ulichokiona na uache jina la ugonjwa. "Shikamoo mama. Neema hasomi maandishi ya ubaoni mpaka asogee karibu sana, naomba akapimwe macho" ni maneno yanayompa mzazi la kufanya. Ukisema "mwanao ana tatizo la macho," utakuta mwezi mzima umepita kwenye mabishano na tiba za majirani.

Kisha kusoma. Andaa ukurasa mmoja wenye sehemu nne: silabi 10, maneno 10 ya silabi mbili hadi tatu, aya fupi, na hadithi ya sentensi nane hivi. Aya iwe nyepesi, mfano:

*Asha alikwenda kisimani. Alichota maji ndoo moja. Njiani alikutana na mbuzi. Mbuzi akanywa maji yote.*

Mwanzishe kila mtoto kwenye aya. Akiisoma vizuri, mpe hadithi. Akikwama, mpe maneno, na maneno yakimshinda, silabi. Andika kiwango alichofika, basi. Kwa dakika 3 kila mmoja, watoto 80 wanakula saa 4, yaani chini ya dakika 50 kwa siku kwa siku tano, wakati wengine wakinakili zoezi. Mtoto anayesoma "karamu" penye "kalamu" kwa sababu lugha ya kwao haitenganishi r na l, mpe alama yake. Amesoma neno. Matamshi ni somo la siku nyingine.

Hatua ya 2: Panga madawati kwa ulichokikuta

Mazoea ni warefu nyuma na wafupi mbele, au wachangamfu mbele na wasumbufu nyuma. Vunja hayo. Mbele wakae wasioona vizuri na wasiosikia vizuri. Anayesikia kwa sikio moja, sikio zima lielekee kwako. Mtoto mwenye ualbino karibu kila mara ana uoni hafifu na mwanga mkali unamuumiza, kwa hiyo mbele kwake ni mbele mbali na dirisha lenye jua. Mruhusu ainuke kuufuata ubao na asogeze kitabu karibu na uso apendavyo. Kusoma kwa kukaribisha kitabu hakumharibu macho, acha kumkemea. Na mstarini, kofia na mikono mirefu kwake viwe ruhusa isiyohitaji maelezo kila asubuhi.

Mtoto anayetembea kwa magongo au kiti cha magurudumu akae penye njia pana, na njia hiyo ibaki wazi. Kama darasa lenu lina ngazi, zungumza na mwalimu mkuu darasa hilo lihamie chumba kisicho na ngazi. Kubadilishana vyumba ni kazi ya asubuhi moja na haihitaji bajeti.

Hatua ya 3: Ubao na mdomo wako

Kipindi kikiisha, nenda dawati la mwisho kabisa, keti, usome ulichoandika. Walimu wengi hawajawahi kufanya hivyo. Herufi chini ya sentimita 5 huko nyuma ni sisimizi. Kama ubao umechakaa mpaka unang'aa, omba rangi ya ubao kabla ya kuomba kitu kingine chochote.

Kisha kuna tabia tuliyo nayo karibu sote ya kuongea huku tunaandika, mgongo ukiwa kwa darasa. Asiyesikia vizuri anategemea uso wako, na umemnyima. Asiyeona naye anahitaji usome unachoandika. Mahitaji haya mawili yanaonekana kupingana, lakini dawa yake ni moja: andika kimya, geuka, ndipo usome kwa sauti huku ukionyesha kwa fimbo ya ubao. Somo linachelewa kidogo tu, na darasa zima linapata nafasi ya kunakili.

Kwa mtoto kiziwi, usidhani kusoma midomo kunatosha. Simama mbele ya kioo useme "baba", "mama" na "papa" bila sauti. Midomo inafanya kitu kilekile mara tatu. Ndiyo maana picha, maandishi na alama vinahitajika kila mara neno jipya linapoingia. Kama shule haina mwalimu wa lugha ya alama, muulize Afisa Elimu Maalum wa halmashauri, au tafuta viziwi watu wazima wa eneo lenu, hao ndio walimu wa kweli wa lugha hiyo. Ukijifunza kwa video mtandaoni, hakikisha ni Lugha ya Alama ya Tanzania. Alama za Marekani au za Kenya ni lugha nyingine, na utamchanganya mtoto.

Kwa asiyeona, jisikilize unavyotumia "hii", "hapa" na "ile pale". "Tunachukua hii tunaileta hapa, halafu hii tunaikata" ni sentensi tupu kwake. Sema "tunachukua 6 kutoka mstari wa juu, tunaiandika chini ya 4." Utagundua hata wanaoona walikuwa hawajui "hii" ni ipi.

Hatua ya 4: Badilisha namna unavyouliza

Swali la kufuta kabisa ni "Mmeelewa?" Jibu lake unalijua, "Ndiyooo mwalimuuu!", na halikuambii kitu. Kiitikio cha darasa zima kinamficha vizuri yule usiyetaka kumpoteza.

Badala yake, fanya mambo matatu. Kwanza, majina yote yaandikwe kwenye vijiti na vijiti viwekwe ndani ya kopo. Uliza swali, subiri, ndipo uchomoe kijiti. Ukitaja jina kabla ya swali, watoto 79 wanapumzika. Pili, kusubiri kwenyewe. Mmarekani Mary Budd Rowe alipochunguza madarasa miaka ya 1970 alikuta walimu wakisubiri jibu kwa sekunde moja hivi. Waliposubiri 3 au zaidi, majibu yalirefuka na watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema. Hesabu kimoyomoyo, itaonekana ndefu ajabu. Tatu, kabla ya kuchomoa kijiti, wape nusu dakika wajadiliane wawili wawili, kwa lugha yoyote wanayoimudu. Mtoto wa mfugaji akifikiri hesabu kwa Kidatoga na kuitoa kwa Kiswahili, hesabu ni ileile.

Na fimbo. Nitasema wazi: anayechapwa kwa kukosa jibu hatanyoosha mkono tena, na mkono usionyooshwa ndio unaokuficha usijue nani kakwama. Hata kanuni za viboko zenyewe zinahusu utovu wa nidhamu, hazihusu kukosa hesabu.

Hatua ya 5: Somo moja, milango mingi

Hapa ndipo walimu wengi hukata tamaa, wakidhani jumuishi maana yake ni kuandaa maandalio matano ya somo. Andalio ni moja, lakini kazi yenyewe iwe na njia zaidi ya moja ya kuingilia. Tuchukue mada ya sehemu (kama 1/2 na 1/4), Hisabati ya msingi, kipindi cha dakika 40.

Waambie wafumbe macho, waweke mkono kifuani. Kipi kikubwa, moja ya mbili au moja ya nne? Anayedhani ni moja ya mbili aonyeshe vidole viwili, anayedhani ni moja ya nne aonyeshe vinne. Macho yamefumbwa, kwa hiyo hakuna wa kumwibia, na wewe kwa sekunde tano umeliona darasa zima. Kwa mtoto kiziwi, andika swali na uonyeshe ishara ya vidole kabla ya kufumba. Jiandae kuona vidole vinne vingi. Usikasirike, wana sababu. Tangu Darasa la Kwanza wamefundishwa 4 ni kubwa kuliko 2, na leo unawaambia kinyume.

Sasa kila wawili wapate karatasi mbili zinazolingana, kurasa za daftari lililoisha zinatosha. Kunja moja mbele yao bila kusema neno, ili macho yatangulie: mara moja, ukipitisha ukucha kwenye mkunjo. Kunja ya pili mara mbili. Ndipo useme na uandike: nusu, robo. Wao wafuate. Wachane kipande kimoja kutoka kila karatasi na kukilaza juu ya chenzake. Asiyeona anaujua mkunjo kwa kidole, na kipande kilichozidi anakishika. Asiyejua kusoma hajakwama popote. Asiyesikia ameona kila kitu.

Waache wabishane. Lazima atatokea aliyekunja robo zake kwa kuchora mistari miwili inayokatana katikati, na mwingine aliyekunja vipande vinne virefu kama utepe, kila mmoja akidai mwenzake kakosea. Usiamue haraka. Waulize watathibitishaje kuwa robo nyembamba na robo nene ni sawa. Wakifika wenyewe kwenye wazo la kukata kipande kimoja na kukipanga juu ya kingine, kipindi kimelipa. Hapo ndipo utaje "kiasi" (namba ya juu) na "asili" (namba ya chini), wakiwa tayari wana kitu mkononi cha kukipa jina.

Wanaokimbia mbele wape hili wakati wengine wanamalizia: ipi kubwa, 3/4 au 2/3? Kukunja karatasi vipande vitatu vilivyo sawa ni kazi, na wakifikiri vizuri wataitafuta karatasi yenye vipande 12, ambako 9 na 8 vinaonekana waziwazi. Mtoto mwepesi naye ni wa kujumuishwa. Kumpa kazi ya kufuta ubao kila siku kwa sababu amemaliza ni kumpotezea muda.

Mwisho wa kipindi, vidole kifuani tena, kwa swali jingine: moja ya tatu au moja ya nane, tatu au nane? Sasa unajua.

Hatua ya 6: Saa ya kusoma kwa kiwango

Wale uliowakuta wamekwama kwenye silabi au maneno katika hatua ya kwanza hawatasaidiwa na kitabu cha Darasa la Nne. Njia iliyoenezwa na shirika la Pratham la India, na sasa inatumika nchi nyingi za Afrika, ni kuwapanga watoto kwa kiwango chao cha kusoma badala ya darasa lao, kwa muda maalum wa siku tu. Kama shule ina mikondo A na B, mwalimu mmoja achukue wa silabi na maneno kutoka mikondo yote, mwingine wa aya na hadithi. Saa moja, kisha kila mtu arudi darasani kwake.

Kiswahili kinakusaidia hapa, maana kinaandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Mtoto wa miaka 10 aliyekwama kwenye silabi anaweza kwenda kasi akipata mazoezi ya kila siku: kadi za silabi zilizokatwa kutoka maboksi, kila kundi liunde maneno sakafuni. Ka, ta, na, pa, li vinatosha kuwapa kata, kana, kali, pana, tano ukiongeza "no". Mikwamo ya kweli iko kwenye mb, nd, ny, mw, dh na gh, na zaidi kwenye ng na ng'. Weka "ngoma" na "ng'ombe" kando kwa kando, waseme, wasikie tofauti, ndipo waandike.

Pima upya kila mwezi na uwahamishe. Kundi likikaa na watu walewale mwaka mzima, litapata jina la utani, na jina hilo litamfuata mtoto mpaka mtaani.

Mambo madogo yasiyosubiri

Hesabu ni mara ngapi unawauliza wavulana na mara ngapi wasichana. Vijiti vya majina vinasaidia, lakini tazama pia nani anatumwa maji na kufagia kipindi kikiendelea. Msichana anayekosa siku tatu nne kila mwezi hana uvivu. Zungumza na mwalimu wa malezi kuhusu taulo za kike na choo chenye mlango. Na kwa walioacha shule kwa ujauzito, Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 unawaruhusu kurudi, kwa hiyo mzazi akikuuliza, mpe jibu hilo bila kusita.

Kuhusu vifaa: vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa walimu, na matumizi yake bora darasani ni ya kawaida mno. Rekodi sauti yako ukisoma hadithi, asiyeona na anayejifunza kusoma wakae pembeni waisikilize. Piga picha ukurasa wa kitabu, mwenye uoni hafifu aukuze kwa vidole.

Mitihani ya ndani nayo ibadilike. Ukitaka kujua kama mtoto anaijua Sayansi, na kusoma bado kunamshinda, msomee swali ajibu kwa mdomo. Kwa mitihani ya taifa, Baraza la Mitihani hutoa karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa, lakini taarifa za mtoto lazima ziwe zimeingia wakati wa usajili. Mkumbushe mwalimu mkuu mapema, maana Septemba hakuna anayekusikiliza.

Hatua ya 7: Andalio la somo lenye ukweli

Safu ya tathmini kwenye andalio imejaa sentensi moja nchi nzima: "Somo limeeleweka kwa asilimia 80." Nani alipima? Na hao asilimia 20 ni kina nani? Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, anaisoma, anaweka tiki, watoto 16 wanabaki walipokuwa.

Andika majina machache na kitu kimoja cha kufanya. Mfano, baada ya kipindi cha sehemu: "Wengi wametambua 1/2 ni kubwa kuliko 1/4. Hamisi, Pendo na Zawadi bado wanataja asili kubwa kuwa sehemu kubwa; kesho wakunje tena 1/3 na 1/8 wakiwa na Rehema. Juma hakuona ubao, ahamie dawati la kwanza kulia. Swali la 3/4 na 2/3 limemshughulisha Baraka dakika 15." Mthibiti akilalamika kuwa ni ndefu, mwonyeshe ukurasa wa jana na wa leo, aone Juma amehama.